Kinga ya Wahudumu wa Afya Hudumu kwa Muda Gani?

(Hotuba iliyotolewa na tabibu mmoja mbele ya waumini mjini Bariadi, Mkoa wa Simiyu)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyetupa miili na akatia ndani yake ulinzi ambao wengi wetu hatuujui mpaka siku unapopungua. Nawashukuru viongozi wa msikiti walionitaka nizungumze leo juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa sehemu ya kazi yangu katika zahanati na vituo vya afya vya mkoa wetu. Jambo lenyewe ni hili: muuguzi au tabibu aliyechanjwa, au aliyeugua akapona, hukaa salama kwa muda gani?

Nitaanza na maswali mawili niliyoulizwa. La kwanza liliulizwa na mzee mmoja mara baada ya sala ya Ijumaa. Aliniambia: "Mwanangu, nyinyi wa hospitali mlitangulia kuchanjwa, na wengine wenu mliugua mkapona. Mbona bado mnatupokea mmefunga barakoa? Mnatuogopa sisi wazee wenu?" Nikamjibu: "Hasha, mzee wangu. Hatuwaogopi nyinyi, tunaogopa kuwaletea maradhi."

La pili liliulizwa na kijana. Yeye alisema: "Daktari, muuguzi wa zahanati yetu alichanjwa, na baada ya miezi michache akaugua. Je, huo si ushahidi kwamba chanjo haikuwa na kazi yoyote?"

Maswali haya yanaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Mzee alidhani kwamba kinga ikishaingia mwilini haitoki tena. Kijana alidhani kwamba kinga iliyopenywa mara moja haikuwapo kamwe. Wote wawili waliiona kinga kama ukuta, ambao ama umesimama ama umeanguka. Ukweli ni kwamba kinga ina kiwango na ina muda, na muda huo hutofautiana baina ya ugonjwa na ugonjwa. Asiyejua tofauti hiyo humdhulumu muuguzi wake bila kukusudia.

Jinsi mwili unavyokumbuka

Kijidudu cha maradhi kinapoingia mwilini kwa mara ya kwanza, au chanjo inapoufunulia mwili sura ya kijidudu hicho, chembechembe nyeupe za damu huanza kujifunza namna ya kupigana nacho. Kutokana na mafunzo hayo mwili hupata akiba mbili. Akiba ya kwanza ni kingamwili, ambazo huzunguka katika damu na katika utando wa pua na koo, zikimngoja adui mlangoni. Akiba ya pili ni chembechembe za kumbukumbu. Hizi zimetulia ndani na hazipigani kila siku, lakini zikimwona adui yule yule amerudi, huzaliana upesi na kutengeneza kingamwili mpya.

Sisi wa Simiyu ni wakulima, na mfano wa jambo hili uko majumbani mwetu. Kingamwili ni kama chakula kilichokwisha kuvunwa: kipo tayari kuliwa, lakini kila mwezi kinapungua. Kumbukumbu ni kama mbegu iliyohifadhiwa: hudumu muda mrefu, lakini yahitaji siku za kuota na kukomaa kabla haijamshibisha mtu. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mbegu ipo. Yafaa pia kuuliza kama njaa itatupa nafasi ya kulima.

Ndiyo maana mwendo wa ugonjwa una maana kubwa. Surua huchukua takribani siku 10 hadi 14 tangu mtu aambukizwe mpaka aonekane mgonjwa. Homa ya ini aina ya B huchukua mwezi mmoja hadi sita. Katika magonjwa hayo kumbukumbu ina wasaa wa kutosha wa kuamka na kumzuia adui. Lakini UVIKO-19, hasa aina ya Omikroni iliyoanza kuenea mwishoni mwa mwaka 2021, huchukua siku tatu hivi tu. Ikiwa kingamwili za puani zimekwisha kupungua, virusi hupata nafasi ya kuzaliana na hata kuwafikia wengine kabla kumbukumbu haijaamka. Hata hivyo, wakati virusi vinapotaka kushuka mapafuni, kumbukumbu imekwisha simama. Hivyo basi mtu huweza kuugua, lakini akasalimika na ugonjwa mkali. Yule muuguzi wa kijana wetu aliugua akapona. Huenda chanjo ndiyo iliyomwezesha kurudi kazini akiwa mzima.

Magonjwa hayalingani

Kuchunguza mambo haya si jambo geni katika historia ya Waislamu. Tabibu mashuhuri Abu Bakr al-Razi, mtu wa Rayy katika Uajemi, aliyesimamia hospitali mjini Baghdad, aliandika kitabu kilichotenganisha ndui na surua, naye alifariki mwanzoni mwa karne ya 10. Maelezo yake huhesabiwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa ya kufahamu kwa nini aliyepona ndui hashikwi nayo tena.

Juu ya surua tunao ushahidi wa ajabu. Mwaka 1846 ugonjwa huo uliingia katika visiwa vya Faroe, vilivyoko kaskazini ya Uskochi, baada ya miaka 65 bila surua. Watu zaidi ya 6,000 waliugua, katika wakazi wasiofika 8,000. Daktari kijana aitwaye Peter Panum alitumwa kuchunguza, naye akagundua kwamba wazee walioiugua surua mwaka 1781 hawakushikwa tena hata mmoja. Kumbukumbu ya miili yao ilikuwa imekaa miaka 65 pasipo kukumbushwa. Hata leo, mtoto hupewa chanjo ya surua mara mbili, akiwa na miezi 9 na miezi 18, kwa sababu watoto wapatao 15 katika kila 100 hawapati kinga kwa dozi ya kwanza. Dozi ya pili ni kwa ajili ya wale ambao ya kwanza haikuwashika.

Lakini si kila ugonjwa uko hivyo. Akina mama mnaonisikiliza mnaijua kadi ya chanjo ya pepopunda. Dozi mbili humlinda mama kwa miaka ipatayo 3. Ya tatu hufikisha miaka 5. Ya nne miaka 10. Na ya tano humlinda muda wote wa kuzaa. Tena, aliyeugua pepopunda akapona hapati kinga kwa kuugua kule, na ni lazima achanjwe. Basi anayesema kwamba kuugua ni bora daima kuliko chanjo na aitazame kadi ya mama yake.

Na wale mliojaliwa kwenda Hija mnakumbuka chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Saudi Arabia iliidai baada ya mlipuko uliowapata mahujaji mwaka 1987. Cheti chake hutambuliwa kwa miaka 3 au 5 kulingana na aina ya chanjo, na ni lazima mtu awe amechanjwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Cheti cha homa ya manjano nacho zamani kilikuwa cha miaka 10. Baada ya wataalamu kuona kwamba dozi moja humtosha mtu, tangu tarehe 11 Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote. Hakuna hujaji aliyesema kwamba chanjo ya uti wa mgongo ni uongo kwa kuwa ina mwisho. Sote tuliitazama tarehe, na muda ulipopita tukachanjwa upya.

UVIKO-19 na watu wa hospitali

Hapa Tanzania, chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani jijini Dar es Salaam. Shehena ya kwanza ilikuwa dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Johnson & Johnson, na wahudumu wa afya waliwekwa katika kundi la kwanza, pamoja na wenye umri mkubwa na wenye maradhi ya kudumu. Swali la muda wa kinga likawa swali letu sisi wenyewe.

Chanjo hiyo hiyo ilikuwa imetangulia kutolewa Afrika Kusini kuanzia Februari 2021, kwa wahudumu wa afya wapatao 477,000, katika mpango ulioitwa Sisonke. Matokeo yalionyesha kwamba dozi moja ilipunguza vifo vya UVIKO-19 kwa asilimia 83, na kulazwa hospitali kwa asilimia 67. Baadaye wahudumu wengi walipewa dozi ya pili, na hata katika wimbi la Omikroni kinga dhidi ya kulazwa ilipanda hadi asilimia 85 katika mwezi wa kwanza na wa pili baada ya dozi hiyo.

Juu ya kupungua kwa kinga, uchunguzi mkubwa ulifanyika Uingereza, ambako maelfu ya wafanyakazi wa hospitali walipimwa mara kwa mara, hata wale wasiojihisi kuumwa. Taarifa ya kwanza, ya mwaka 2021, ilionyesha kwamba waliokwisha kuugua walikuwa na hatari ndogo ya kuambukizwa tena, pungufu kwa asilimia 84, katika miezi 7 ya kufuatiliwa. Taarifa ya mwaka 2022 iliwahusu watu zaidi ya 35,000. Ilionyesha kwamba dozi mbili za chanjo ya Pfizer zilizuia maambukizo kwa asilimia 85 katika miezi miwili ya mwanzo, lakini baada ya miezi sita na zaidi zikashuka mpaka 51. Kwa waliougua bila kuchanjwa, kinga ilianza kupungua baada ya mwaka mmoja. Ama wale waliougua kisha wakachanjwa, kinga yao ilibaki juu ya asilimia 90, hata kwa walioambukizwa zaidi ya miezi 18 nyuma.

Hayo yalikuwa kabla ya Omikroni. Aina hiyo mpya ilibadilisha sura yake, na mlinzi wa mlangoni akashindwa kuitambua vizuri. Mwaka 2023 wataalamu walikusanya tafiti 65 kutoka nchi 19. Waligundua kwamba baada ya wiki 40, kinga ya kuugua zamani ilizuia maambukizo mapya ya Omikroni kwa asilimia 36 tu, bali dhidi ya ugonjwa mkali ilibaki karibu asilimia 89. Hapa, ndugu zangu, ndipo lilipo jibu la maswali yote mawili. Mlango hulegea baada ya miezi, na nyumba ya ndani hubaki imara kwa muda mrefu zaidi. Muuguzi huvaa barakoa kwa ajili ya mlango, kwa maana hata asipougua sana yeye, huweza kumpelekea maradhi mzee aliyelala kitanda cha pili.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Machi 2023, liliwahesabu wahudumu wa afya walio mstari wa mbele katika kundi la kwanza kabisa. Liliwashauri watu wa kundi hilo kurudia chanjo miezi 6 au 12 baada ya dozi ya mwisho, kulingana na hali ya mtu. Tarehe 5 Mei 2023 shirika hilo lilitangaza mwisho wa hali ya dharura. Dharura ilikwisha, lakini virusi havikuondoka duniani.

Ugonjwa tunaousahau

Nisingetimiza amana yangu kama ningeishia kwa UVIKO-19. Mhudumu wa afya hukutana kila siku na damu, na katika damu mna homa ya ini aina ya B. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Bugando, kwa jirani zetu wa Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwapima wafanyakazi wapatao 600, na karibu 7 katika kila 100 walikutwa na virusi hivyo mwilini.

Kwa ugonjwa huu habari ni njema kuliko zote. Mtu akikamilisha dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita, na mwili wake ukaipokea chanjo, hukingwa kwa miaka 20 na zaidi, na huenda maisha yake yote. Kingamwili zaweza kupungua hata zisionekane katika kipimo, lakini kwa kuwa ugonjwa huu huja polepole, mbegu hupata muda wa kuota. Tatizo la wahudumu wengi ni kwamba hawakukamilisha dozi tatu, au hawakupimwa baada ya dozi ya tatu kuhakikisha kwamba chanjo imewashika. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo hii pamoja na chanjo nyingine za utotoni mwaka 2002. Muuguzi aliyezaliwa kabla ya hapo asidhani kwamba aliipata utotoni.

Mpishi wa hospitali ya Merca

Naomba niwasimulie habari ya ndugu yetu mmoja wa pwani ya Somalia. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi katika hospitali ya mji wa Merca. Mwezi Oktoba 1977 gari lilifika likiwa na watoto wawili wagonjwa wa ndui, nalo likatafuta njia. Ali akapanda kuwaelekeza, safari ya dakika chache tu. Alikuwa mtu wa hospitali, na chanjo ilikuwapo, lakini hakuwa na kinga. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Siku chache baadaye akashikwa na homa, kisha vipele vikatoka.

Wataalamu waliwatafuta wote aliokutana nao, zaidi ya watu 150, na katika majuma mawili wakawachanja watu zaidi ya 50,000 mjini na kandokando yake. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu Ali alipona, wala hakuna aliyeambukizwa naye. Yeye akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, na tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Ali alitumia miaka yake ya baadaye kuwashawishi wazazi wa Kisomali wawachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwapa habari yake mwenyewe kuwa funzo. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo ya chanjo.

Katika habari hii mna jambo la kuzingatia. Mtu aweza kufanya kazi ndani ya hospitali yenye chanjo, na bado akawa uchi. Kufanya kazi karibu na dawa si kinga.

Wajibu wetu

Sasa tufanye nini? Kwanza, nawaambia wahudumu wenzangu: tuijue tarehe ya kinga yetu kama hujaji anavyoijua tarehe ya cheti chake. Tutunze kadi zetu, tukamilishe dozi za homa ya ini, tuulize kwa mganga mkuu wa wilaya kuhusu dozi za kurudia. Tena tusiende kazini tukiwa na homa kwa kutegemea kwamba tumechanjwa.

Pili, nawaambia nyinyi mnaohudumiwa. Zahanati nyingi za Itilima, Meatu, Maswa na Busega zina wahudumu wachache mno. Muuguzi akilala kitandani majuma mawili, mama mjamzito hutembea maili nyingi kutafuta mwingine. Basi mwenye kikohozi na afunge barakoa au kitambaa, madirisha yafunguliwe, na msindikizaji awe mmoja. Mwelezeni tabibu ukweli wote: homa ilianza lini, mgonjwa alisafiri wapi, alimuuguza nani. Kuna maradhi ambayo hayana chanjo iliyoidhinishwa hata leo. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Watu tisa waliugua na sita wakafariki, na miongoni mwao alikuwamo mhudumu wa afya. Mbele ya ugonjwa kama huo, habari ya kweli kutoka kinywani mwenu ndiyo kinga ya kwanza ya muuguzi.

Tatu, nawaambia ndugu zetu wanaoosha maiti. Nanyi pia ni wahudumu. Mkiambiwa kwamba marehemu alikuwa na homa isiyojulikana, au alitoka damu, msimguse mpaka muulize kituo cha afya. Na familia zisiwafiche.

Nne, tuache kumdhihaki muuguzi aliyeugua baada ya kuchanjwa. Mtume Mtukufu s.a.w. alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Kamba ya ngamia huchakaa, na mwenye akili huikagua na kuibadilisha. Wala kuibadilisha si dalili ya kwamba hakuwa na tawakali, wala si dalili ya kwamba kamba ya kwanza ilikuwa bure.

Yule mzee aliyeniuliza baada ya sala alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema: "Kumbe barakoa yako ni kwa ajili yangu." Naam, mzee wangu, ndivyo ilivyo. Na yako, ukija kwetu ukikohoa, ni kwa ajili ya muuguzi atakayempokea mjukuu wako usiku wa manane.

Mwenyezi Mungu awalinde wanaotuhudumia, awape malipo mema waliofariki wakiwahudumia wagonjwa, na atuwezeshe sisi sote kuwa kinga ya wenzetu. Aamin.